Tulivyolivuta Gari la Baluku Mtoni Bwera

Haya, tulieni. Tangu nirudi mmeniandama kwenye kundi kama nyuki. "Rehema, vipi Uganda? Rehema, mlimpata? Rehema, mbona kimya?" Nilijaribu kuwarekodia sauti, nikajisikia nanong'ona ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mchana kweupe, mlango umefungwa. Nikafuta. Nimeona heri niandike, mkichoka kusoma shauri yenu.

Mambo ya vibali na mihuri nayaruka, hayana utamu. Nawapa njia, vyakula, watu, na kile tulichokwenda kukifanya.

Mwanza hadi Mutukula

Bwambale mnamjua. Yule utingo wangu mrefu, asiyecheka, ninayezunguka naye kunasua malori kwenye barabara za machimbo. Kwao ni Bwera, Uganda, pale unapokaribia kuigusa Kongo kwa mkono. Jumapili alinijia nyumbani akiwa amevaa shati la kanisani, akakaa kwenye ngazi, hakutaka hata maji.

Kaka yake mkubwa, Baluku, alikuwa na gari dogo la kubebea mizigo ya soko la mpakani. Usiku ule mto wa kwao ulipofurika, Baluku hakurudi. Maji yalipopungua watu wakaliona paa la gari lake katikati ya mto, mawe na tope vimelifukia hadi madirishani. Yumo ndani au hayumo, hakuna aliyejua. Mama yao akasema hazikwi mtu mpaka gari lifunguliwe. Ukoo nao ukasema umengoja vya kutosha.

"Dada," Bwambale akaniambia, "kama halijatoka kufika Jumamosi, watazika mgomba."

"Watazika nini?"

"Shina la mgomba. Mtu asipopatikana, unazikwa mgomba mahali pake. Mama amesema wakizika mgomba na yeye wamzike humo humo."

Basi ningesemaje? Ningemwambia winchi yangu imechoka?

Wale mnaodhani winchi ni kamba ya kufungia mbuzi, someni hapa. Kabla sijawasha gari kwa safari kama ile, waya wote tuliuvuta nje ya ngoma ya winchi, tukaulaza uani kutoka geti hadi jikoni kwa jirani. Bwambale alivaa glavu za ngozi, akaupitishia kitambaa taratibu. Kitambaa kikinasa, ujue nyuzi zimekatika hapo. Kilinasa karibu na ndoano. Nikakata kipande chote kibovu bila huruma, tukafunga kitanzi kipya kwa vibano. Kisha tukaurudisha kwenye ngoma ukiwa umekazwa, kila mzunguko umelala kando ya mwenzake. Ukiurudisha ukiwa mlegevu, siku ya kazi nzito unazama chini ya wenzake na kujing'ata, na hapo ndipo watu wanapoanza kulaumu wachawi.

Kivukoni tulikaa nusu ya siku kwa sababu lori la mahindi liliziba njia. Biharamulo tukapata pancha, Bukoba tukala senene wa kukaangwa na ndizi, Mutukula tukavuka. Bwambale njia nzima alisema labda maneno kumi.

Masaka na Mbarara

Hapa kuna kichekesho kimoja, kichukueni maana kitawafaa baadaye. Mbarara niliingia hotelini nimechoka, nikaagiza ugali. Binti akasema ugali hawana. Jirani yangu mezani alikuwa anakula ugali, mweupe, unafuka moshi, mkubwa kama mto wa kulalia.

"Na ule ni nini?"

"Ule posho, madamu."

Nikacheka peke yangu kama mwehu. Kwetu posho tunapewa bahasha, kwao wanapewa sahani. Nikala posho na maharage, nikashiba. Bwambale hakugusa chake. Alikuwa kwenye simu na baba yake mdogo, Masereka, ndiye anayeuongoza ukoo. Alipokata simu akaniambia kaburi limeshachimbwa.

"Kabla hatujafika?"

"Wamechoka kungoja, dada."

Nilikasirika sana. Nikaondoa gari pale kwa fujo hadi mlinzi akanipigia kelele.

Katunguru

Pale darajani, maji yanapopita kati ya maziwa mawili, kuna akina mama wanauza samaki wa kukaanga. Tulisimama. Mmoja alikuja na beseni lake mbele ya gari, akaiona ndoano imening'inia kwenye bampa, akasimama.

"Munaenda wapi na hiyo?"

"Bwera," nikasema. "Kuna gari mtoni."

Alizunguka gari lote, akaja upande wa nyuma, akafunua beseni huko. "Tununulie huku," akasema. "Hiyo chuma isiangalie chakula." Samaki walikuwa watamu, nasema ukweli, lakini nilijikuta nawala nimeipa mgongo ndoano yangu mwenyewe, niliyoishika maisha yangu yote.

Mbele kidogo ya pale, kabla ya njia panda ya Kikorongo, tulisimamishwa na askari jeshi. Nyasi pande zote, jua limeshuka, na tembo mmoja mbali amesimama tu hatikisiki. Afande alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mweusi tii, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri.

"Wewe mama! Zima gari! Hii kamba ya chuma ni ya nini?"

Nikamweleza. Akainama, akaitazama winchi muda mrefu. Halafu akarudi nyuma hatua kadhaa, akapita mbali, si mbele ya gari bali kwa kuzunguka majanini.

"Hii kitu ilimaliza rafiki yangu," akasema. "Lori ya jeshi ilikwama. Yeye aliruka waya, waya ikakatika. Mimi nilikuwa nasimama karibu, nashika sigara yake."

"Pole sana, afande."

"Mutu asiruke waya."

"Harukagi mtu kwenye kazi yangu."

"Kila mutu nasema hivyo," akajibu, akatufungulia kizuizi.

Kasese

Mtauliza kwa nini winchi itoke Mwanza, kwani Kasese yote haina? Inayo. Kuna fundi, njia ya Bulembia, kando ya mto uliojaa mawe makubwa yaliyoshushwa na maji kutoka mlimani. Ana gari zuri kuliko langu, lina winchi ya nguvu. Bwambale alikuwa amemlilia wiki nzima kwa simu. Nikasema ngoja nimwone huyu mtu asiye na moyo.

Nilimkuta mtu mpole, mnene, ananyonya muwa. Akatukaribisha viti, akatuletea chai ya maziwa. Mimi bado nimenuna.

"Madamu, usinikasirikie," akasema. "Mimi pia ni Baluku."

"Sasa?"

Bwambale akanieleza, maana mimi nilikuwa sijui kitu. Kwa Wakonzo, kabila lao, mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Wa kwanza wa kiume Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, na kuendelea. Kwa hiyo nchi nzima ile, kila nyumba ina Baluku wake. Na kwao mto ukishamchukua Baluku na haujamrudisha, akina Baluku wote wanakaa mbali na ukingo. Wanasema mto unaendelea kuita jina hilo, na yeyote atakayeitika ndiye atakwenda.

"Unaamini?" nikamuuliza fundi.

"Mimi naamini winchi," akasema. "Lakini mama yangu iko hai, na nilimwahidi."

Nilitaka kucheka, sikuweza. Alisimama, akaingia ndani, akatoka na kapi kubwa ya chuma, nzito, gurudumu lake limepakwa grisi safi. Mimi nilikuwa na kapi moja tu, na kwa gari lililofukiwa vile moja haitoshi. Moja inafungwa kwenye gari linalovutwa ili nguvu iongezeke mara mbili, ya pili inageuza waya ili gari langu lisimame mahali pagumu, si kwenye tope. Akanionyesha pini yake, akaizungusha kwa vidole kuhakikisha hainati.

"Mukifika kule," akasema, "mutumie mikono. Musiite mutu kwa jina."

Nikamwambia hata kwangu hairuhusiwi kupiga kelele kwenye winchi. Mtu mmoja tu anatoa ishara, wengine wote midomo yao wafunge. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, akarudi kwenye muwa wake.

Muhokya hadi Bwera

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Tulisimama Muhokya kununua kamba ya kumfungia mtu kiunoni. Mwenye duka aliipima, akaikunja, halafu akamwambia Bwambale, "Pole kwa kaka." Hatukuwa tumesema neno. Tulipojaza mafuta, kijana wa pampu naye akasema pole. Na njia nzima, kila kituo cha pikipiki tulichopita, vijana waligeuka wote pamoja kuitazama ndoano, wakanyamaza. Habari zetu zilikuwa mbele yetu.

"Bwambale, hawa watu wananitisha."

"Wanatuombea, dada."

"Wangeomba wakitabasamu basi!"

Ndipo alipocheka, mara moja tu safari nzima.

Nyumbani kwa Mama Baluku

Tulifika mchana. Uani watu wamejaa, wamekaa kwenye mikeka, wanazungumza chini chini. Nikaingizwa sebuleni, nikapewa kiti. Mbele yangu chini kulikuwa na mtu amelazwa, amefunikwa shuka jeupe toka utosini hadi miguuni, akina mama wamemzunguka.

Nikasema, ala, kumbe wamempata! Nikapiga magoti kama tulivyofundishwa kwetu, nikainamisha kichwa, nikasema, "Pole sana baba, pumzika." Machozi yakanitoka kabisa.

Akina mama wakatazamana. Mmoja akanishika bega. "Mama," akasema, "ile iko mugomba."

Aibu niliyoipata siwezi kuwaeleza. Lakini kilichonisumbua si aibu. Shuka lilikuwa limepanda na kushuka pale penye mabega, pale penye magoti. Walikuwa wameuchagua mgomba wa kimo chake.

Mama yao alikuwa amekaa pembeni, hakuwa kwenye mkeka wa msiba. Mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa cha kijani kichwani, macho makavu. Kila mtu alimwita Mama Baluku, kama kawaida, kwa jina la mtoto wa kwanza. Akaninyooshea mikono yote miwili.

"Wewe ndio unakuja na mashini?"

"Ndiyo, mama. Naitwa Rehema."

"Wasingya," akashukuru kwa lugha yake. "Hawa banataka nilie. Mimi silie mugomba. Unifungulie ile motokari nione mutoto yangu, ndio nitalia."

Tukapewa bundu, ule ugali wa muhogo, na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese. Nikala nikimpa mgongo mgomba. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, limefunikwa majani, na mzee mmoja amekaa kando yake kwenye kiti. Kaburi wazi haliachwi peke yake, Bwambale akaniambia. Wanapokezana.

Baba mdogo Masereka akaja, mtu wa heshima, koti limepigwa pasi. "Mama, tunashukuru," akaniambia. "Lakini kesho tunazika. Gari ikitoka, tunazika mutu. Gari ikikataa, tunazika ile. Shimo haiwezi kulala tena."

Mtoni

Asubuhi yake tukashuka. Umati ulikuwa mkubwa na haukutoa sauti. Watoto hawakulia. Hakuna aliyeniambia weka hapa, vuta kule, kama mnavyojua watu wetu barabarani wanavyojifanya wote mafundi. Mwanzo niliona wamesusa, hawataki kutusaidia. Halafu nikatazama juu, kule barabarani mbali, nikaona wanaume wamesimama kundi peke yao, wa rika zote, wazee kwa vijana, hawasogei.

"Wale ni nani?"

"Akina Baluku," akasema Bwambale.

Paa la gari lilikuwa katikati, maji ya rangi ya chai yanapita juu yake kwa sauti ya mtu anayepumua. Niliegesha langu kwenye changarawe ngumu, nikaweka mawe mbele ya magurudumu, nikaacha injini inawaka ili betri isinywewe yote. Kapi ya fundi tuliifunga kwa mkanda mpana kwenye mwamba ukingoni. Nyingine aliondoka nayo Bwambale, kamba kiunoni, wanaume wamemshikilia. Alizama mara nyingi, akipapasa. Alipoinua mkono, alikuwa ameifunga kwenye pete ya nyuma ya gari.

Blanketi langu zito la kulazia juu ya waya nilikuwa nimelisahau Mwanza. Blanketi ni la lazima. Waya ukikatika, uzito unauangusha chini badala ya kuuacha uruke na kumkata mtu. Nikaomba kitu kizito. Mama Baluku akapanda nyumbani mwenyewe, akarudi na blanketi la kahawia lenye mistari. Lilikuwa la Baluku. Ndilo walilotaka kuuzungushia mgomba.

Nikawasogeza watu mbali kuliko urefu wa waya, nikawaonyesha kwa mikono. Wakatii. Nikasimama kando ya gari langu, mlango wazi ukinikinga, kifungo mkononi, nikabonyeza.

Waya ukanyooka. Ukaanza kuimba ile sauti nyembamba mnayoijua. Paa halikutikisika. Na hapo, jamani, nikamwona mwanamke wa kitambaa cha kijani ametoka kwenye umati, anatembea polepole, hadi kwenye waya, akaweka kiganja chake juu yake.

Nikaachia kifungo, lakini waya uliokazwa hauachii kwa kuachia kifungo.

"Mama!" nilipiga kelele, nikasahau masharti yote. "Toka hapo!"

Akageuka kunitazama, kiganja bado kipo, uso wake unawaka. "Iko natetemeka," akasema. "Rehema, sikia. Iko natetemeka. Mutoto iko hai!"

Ilikuwa ni mkondo wa maji, unalipiga gari na kuutetemesha waya. Mimi najua. Lakini nililegeza winchi, nikamwendea, nikamshika mkono, na mkono wake nao ulikuwa unatetemeka vile vile. Nilikuwa na hasira naye na nilitaka kumkumbatia, vyote kwa pamoja. Nikampeleka juu kabisa kwa akina mama, nikawaomba wamshike.

Nikarudi. Nikabonyeza tena. Paa likasogea kiasi cha kiganja. Umati ukavuta pumzi. Kisha ukaja mlio kama wa kuni kavu, pete ya gari ikang'oka, na waya ukarudi. Uliruka, ukakutana na uzito wa blanketi hewani, ukaanguka. Blanketi likatua juu ya mchanga likiwa limekunjamana kama mtu aliyelala kiubavu. Lilitua pale pale alipokuwa amesimama Mama Baluku.

Niliketi chini kidogo.

Mara ya tatu tuliacha pete. Bwambale alichimba kwa mikono chini ya maji, akapitisha mkanda kuzunguka ekseli yenyewe. Niliuangalia waya wote kwanza, kwa glavu na kitambaa, pini za kapi pia. Nikavuta kidogo, nikapumzisha mota ipoe, nikavuta kidogo. Mto ukaliachia gari kwa sauti ya kunyonya, mbaya, sitaki kuikumbuka. Likapanda ukingoni kinyumenyume, maji yakimwagika kutoka kila tundu.

Masereka akafika kwanza kwenye mlango, akavuta. Umefungwa. Akazunguka. Yote imefungwa, vitufe vyote viko chini, vioo vyote vimepandishwa hadi juu, hakuna kilichovunjika. Ndani tope limejaa hadi usukani.

"Muvunje," akasema Mama Baluku. Akina mama walikuwa wameshindwa kumshika.

Bwambale akavunja kioo. Tukachota tope kwa majembe, kisha kwa mikono, taratibu, kila mtu akiogopa vidole vyake vitagusa nini. Tulifika kwenye kiti cha dereva. Tukafika kwenye viti vya nyuma. Tukafika chini kabisa kwenye zulia.

Hakukuwa na mtu.

Breki ya mkono ilikuwa imevutwa. Ufunguo haukuwepo. Watu wakaanza kunong'ona, wengine wakarudi nyuma, mwanamke mmoja akaanza sala. Bwambale akafungua droo ya dashibodi, akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na simu ya Baluku, na betri yake imetolewa, imewekwa pembeni.

Masereka akasema haraka, "Alisimamisha gari, akashuka kuangalia maji. Mto ukamukuta huko inje."

"Hapana," akasema Mama Baluku. Alikuwa ameichukua simu, anaikausha kwa kitenge chake. "Ile siku nilimupigia mangaribi. Mvua ilikuwa bado. Mto ilikuwa bado. Simu ilikuwa imezimwa."

Hapo hata mimi nikaelewa. Mtu alifika ukingoni jioni, mto ukiwa mdogo wa kuvukwa kwa miguu. Akavuta breki ya mkono. Akapandisha vioo, akatoa betri ya simu ili asipigiwe, akafunga milango yake mmoja mmoja kwa ufunguo, akaondoka nao. Ng'ambo ile ni Kongo. Mafuriko yalikuja baadaye, yakakuta gari peke yake.

Mama akaketi kwenye mchanga. "Nilikuwa naomba awe ndani," akasema taratibu. "Mungu anisamehe. Nilikuwa naomba awe ndani."

Nililia mimi. Yeye hakulia.

Kaburini

Nilidhani basi, hakuna mazishi. Lakini tuliporudi mzee bado alikuwa kando ya lile shimo, na watu wakajipanga kama kawaida. Masereka akanieleza akiwa amechoka sana. Kaburi likishachimbwa haliwezi kufukiwa bila kitu, litamtafuta mwingine wa nyumba ile. Mgomba lazima uingie.

Wakauleta. Wanaume wanne wakaushusha kwa kamba, polepole, wakiangalia kichwa kisigonge. Kisha ikafika zamu ya kutaja jina la anayezikwa, ili jina liende naye. Masereka akafungua mdomo, akaufunga. Utamtajaje Baluku, na huenda muda ule anakunywa chai Butembo, huko Kongo? Ukimtaja umemuua. Usipomtaja, shimo limebaki na njaa. Tulisimama pale, ukungu unashuka kutoka mlimani, na nawaapia kulikuwa na baridi inayotoka chini, si juu.

Mama akasogea hadi ukingoni. Alikuwa na blanketi la kahawia, bado lina mchanga wa mtoni. Akalidondosha ndani.

"Zika Mama Baluku," akasema.

"Mama, usiseme hivyo!" Masereka akashituka.

"Alijua nitalia. Alijua nitaita simu mpaka asubuhi. Alitoa betri kwa mukono yake." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ile mama aliyokuwa nayo, amemaliza. Muzike yeye. Mama Baluku. Mutaje."

Hakuna aliyethubutu. Bwambale ndiye aliyelitaja. Alisimama kando ya mama yake, maji ya mto bado yamemlowesha, akasema kwa sauti ambayo ilitoka vibaya: "Mama Baluku, nenda salama." Akatupa konzi ya kwanza ya udongo. Na hapo ndipo yule mwanamke alipolia, kwa nguvu, hadi akaanguka, na akina mama wote wakalia naye kama mtu kweli amekufa.

Kurudi

Siku iliyofuata niliosha waya wote kwa maji safi, maana mchanga wa mto unakula nyuzi kutoka ndani. Nikaukausha, nikaupaka mafuta, nikaurudisha kwenye ngoma ukiwa umekazwa kwa kufungwa kwenye mti. Kipande kilichoruka nilikikata. Kapi nitampelekea fundi Kasese, nikajisemea, na nilimpelekea. Alisikiliza habari yote, kisha akampigia mama yake simu mbele yangu, akamuuliza amekula nini.

Bwambale hakurudi nami. Alisema atakaa kwanza. Nilimwelewa, na nafasi yake kwenye kiti cha kushoto ilinisumbua hadi Mutukula.

Wakati wa kuondoka mama alikuwa uani, anaanika maharage juu ya turubai, mgongo kwangu, kitambaa kile kile cha kijani. Nikashusha kioo.

"Kwaheri, Mama Baluku!"

Mikono yake iliendelea kuyatandaza maharage. Nikadhani hajasikia. Nikaita tena, kwa nguvu zaidi, na watu wawili njiani wakasimama kunitazama. Yeye hakugeuka. Bwambale alikuwa ameegemea nguzo ya baraza, akanitazama tu, hakunisaidia.

Nikasema, "Kwaheri, Mama Bwambale."

Akageuka pale pale, akajifuta mikono, akaja hadi kwenye mlango wa gari. "Safari njema, mutoto yangu," akasema. "Ukifika, unipigie. Simu yangu haizimwi."